Malengelenge kwenye Vanishi: Kisa cha Kizimba cha Chatu Tanga

Kizimba chenyewe kilikuwa kimeundwa vizuri. Urefu sentimita 120, kina 60, kimo 60. Plaiwudi ya milimita 18 pande zote isipokuwa mgongo, ambao ulikuwa ubao mwembamba wa milimita 6. Mbele kulikuwa na vioo viwili vinavyoteleza kwenye reli za plastiki, na kingo za mbele zilifunikwa kwa vipande vya mninga. Pembe zilikaa sawa, vichwa vya skrubu vilizama, gundi haikuvuja popote. Mkaaji wake ni chatu mchanga, urefu haujafika mita moja na nusu, anayetunzwa kwa kibali kwa ajili ya kufundishia. Hilo la kibali lisemwe mapema: kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori wa Tanzania ni mali ya umma, na asiye na kibali asianze hata kupima mbao.

Kilipigwa vanishi kwa nje mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea. Ndani hakikupakwa kitu. Sakafu tu ndiyo iliyotandikwa plastiki. Siku ya nne chatu akaingizwa.

Baada ya wiki sita hali ilikuwa hivi. Juu ya paa ulikuwa umetanda weupe, kama maji ya mchele yaliyokaukia pale. Kuzunguka matundu ya hewa ya ubavuni yalikuwa yameota malengelenge, mengine kama punje ya mtama, mengine kama kifungo cha shati. Ukingo wa chini ulivimba: palipokuwa na milimita 18 sasa palipimwa 21, na tabaka za plaiwudi zilikuwa zinaachana kama kurasa za daftari lililolowa. Mgongo ulijipinda, katikati ukaingia ndani milimita 8. Vanishi yenyewe haikuwahi kuwa ngumu. Ukibonyeza kucha, alama inabaki. Asubuhi ukisogeza kioo, harufu ya tina, kile kilainishi cha rangi, inakupokea mlangoni.

Chatu alikuwa amekataa kula mara mbili na alishinda akisugua pua kwenye matundu ya hewa. Kukataa kula peke yake si ushahidi, maana chatu aliyehamishiwa makazi mapya huweza kugoma kwa wiki kadhaa bila kuwa na ugonjwa. Lakini pua inayosuguliwa, pamoja na harufu ile, zilitosha kumtoa siku hiyohiyo na kumweka kwenye beseni kubwa la plastiki lenye kifuniko kilichotobolewa, chumba kingine kabisa.

Mwenye kizimba aliamini kuwa ameuziwa vanishi feki, akataka kununua kopo la bei kubwa zaidi na kupaka juu ya ile ya kwanza. Hapo ndipo kazi nyingi za namna hii huharibika mara ya pili. Vanishi haikuwa feki. Kila kasoro iliyoonekana kwa nje ilikuwa na chanzo chake, na vyanzo vingi havikuwa nje.

Maji yalipitia wapi

Fundi aliyezoea meza na makabati hupaka nje ili kuzuia maji ya nje. Kizimba cha mtambaazi hesabu yake ni kinyume. Ndani mna bakuli la maji, matandiko yenye unyevu, na hita inayofikisha nyuzijoto 32 upande mmoja. Hewa ya moto hubeba mvuke mwingi, na mvuke huo husukuma kutoka ndani kwenda nje, kupitia ubao wenyewe. Plaiwudi ikiwa wazi kwa ndani inaunywa bila kizuizi. Mvuke ukifika upande wa nje unakuta vanishi imeziba, unajikusanya chini yake, na mchana joto likipanda unaibeba vanishi juu. Hilo ndilo lengelenge. Yalianzia kwenye matundu ya hewa kwa sababu pale ubao umekatwa, nyuzi zake ziko wazi, na hewa yenye mvuke inapita hapo usiku na mchana.

Kwa hiyo kanuni inayotawala kazi hii yote ni moja: ndani paziba zaidi kuliko nje. Ukiziba nje vizuri na ndani ukaacha wazi, umetengeneza mfuko wa maji wenye sura ya kabati.

Mgongo uliojipinda ni kisa hichohicho kwa sura nyingine. Mbao hufuata hewa iliyopo. Kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 50, mbao hutulia na maji kama asilimia 9 ya uzito wake mkavu. Hewa ikifika asilimia 80, maji hayo hupanda hadi karibu asilimia 16, na mbao hutanuka. Uso wa ndani wa ule ubao wa milimita 6, ulio wazi, ulitanuka; uso wa nje, uliofungwa na vanishi, ulibaki ulivyokuwa. Uso mmoja ukirefuka kuliko mwenzake, ubao hauna la kufanya ila kutunisha upande uliorefuka. Plaiwudi nene ya milimita 18 huvumilia zaidi, lakini haisamehi milele.

Ukingo wa chini ulikunywa maji mengine kabisa. Kizimba kilikaa moja kwa moja juu ya vigae, na chumba kinapigwa deki kila asubuhi. Kwa kuwa upande wa chini hauonekani, haukupakwa chochote. Plaiwudi hufyonza maji kwa ukingo wake haraka kuliko kwa uso wake, maana ukingoni nyuzi za tabaka nyingi zimekatwa na ziko wazi kama mirija. Ushahidi ulikuwa kwenye vipimo: mbele na ubavu wa kulia, deki inapopita, uvimbe ulifika milimita 3, nyuma, palipoegemea ukuta, haukufika hata 1.

Sasa ule weupe wa juu na ile vanishi isiyokomaa. Hapa kuna kosa linalorudiwa sana madukani na karakana. Ile ilikuwa vanishi ya mafuta, ambayo hulainishwa kwa tapentaini. Mwenye kizimba aliambiwa aongeze tina ili ikauke haraka kwa ajili ya mvua. Tina ni ya laka, rangi ya kung'arisha inayokauka kwa kilainishi chake kupaa. Inapaa haraka mno, na kwa kupaa hivyo huupooza uso wa rangi ghafla. Unyevu wa hewa hutua pale kama umande na kunaswa kwenye rangi mbichi. Pwani mwezi wa Aprili, unyevu wa hewa ukipita asilimia 80, hilo karibu halikwepeki.

Juu ya hilo alipiga mkono mmoja mzito badala ya mikono mitatu miepesi (mkono ni mpako mmoja wa rangi). Vanishi ya mafuta haikauki kwa kupoteza kilainishi peke yake. Inakomaa kwa kula oksijeni ya hewani. Ikiwa nene, uso hufunga ngozi kwanza, na chini yake kunabaki ubichi ambao oksijeni haiufikii na tina haiwezi kutoka. Hita ikiwashwa ndani, ubichi huo unapashwa kila siku na harufu inarudi ndani kwa mnyama. Kukauka kwa kugusa ni suala la saa. Kukomaa ni suala la wiki, na kwa vanishi ya mafuta yaweza kufika siku 30. Siku nne zilikuwa chache mno.

Kuvua, kisha kukausha bila haraka

Kila kitu kilifunguliwa: vioo, reli, vifuniko vya matundu ya hewa, kishikio cha hita, waya, themostati (kidhibiti cha joto). Vanishi laini ilikwanguliwa kwa kipande cha kioo kilichonyooka, kilichoshikwa kwa glavu nene na kuvutwa kufuata nyuzi. Kwa vanishi isiyokomaa kioo ni bora kuliko msasa, kwa sababu msasa hujaa uteute dakika ya kwanza na kuanza kuteleza tu. Baada ya hapo ulipita msasa namba 80, kwa mkono na kwa kibao, kisha 120, kisha 180. Mashine iliwekwa kando. Ganda la juu la plaiwudi aghalabu halifiki milimita 1, na mashine kwenye kona hulimaliza kabla hujaona rangi ya gundi ya chini ikijitokeza. Barakoa ni lazima wakati wote, na zaidi ukifika kwenye mninga, ambao vumbi lake huwasha pua na kifua.

Kukausha kulichukua siku 10. Kizimba kiliinuliwa juu ya matofali manne barazani chini ya paa, kikalazwa kwa mgongo siku moja na kwa ubavu siku nyingine, feni ikipuliza kwa mbali. Kipimo kilikuwa rahisi: kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30 kinabandikwa kwa utepe wa karatasi wenye gundi pande zote nne, kinaachwa usiku kucha. Asubuhi kukiwa na ukungu upande wa ndani wa nailoni, ubao bado unatoa maji. Ulipotoweka siku tatu mfululizo ndipo kazi ikaendelea. Kuanika juani moja kwa moja kungefupisha siku hizo, ila tabaka zilizoanza kuachana zingepasuka zaidi.

Kingo

Hii ndiyo sehemu inayoamua kama kizimba kitadumu mwaka mmoja au kumi, na ndiyo watu hupita mbiombio.

Ukingo wa chini ulikuwa na hali mbili. Pale uvimbe ulipokuwa chini ya milimita 1, gundi ya mbao isiyoyeyuka kwa maji ilisukumwa katikati ya tabaka kwa bomba la sindano, ikabanwa kwa kilampu saa 24 kati ya mbao mbili zilizofunikwa nailoni zisigande. Pale palipofika milimita 3, kubana hakutoshi. Nyuzi zimeshavunjika na zitavimba tena mvua inayofuata. Sehemu hizo zilikatwa sentimita 3 kutoka chini, vikawekwa vipande vya mninga vilivyorandwa hadi milimita 18, kwa gundi na skrubu. Kisha chini ya kizimba ikafungwa miguu minne ya mninga yenye kimo cha sentimita 6, kila mguu umekalia kipande cha mpira. Deki sasa inapita chini bila kugusa ubao. Miguu hii ina kazi ya pili pwani: mchwa akianza kujenga njia yake ya udongo, inaonekana mapema.

Kuhusu mchwa, tahadhari kubwa. Mafundi wengi humwagia mbao dawa ya mchwa, au hupaka oili chafu ya gari chini ya samani, na kwa kabati la vyombo hakuna anayewauliza. Kwa kizimba cha mtambaazi, visikaribie kabisa. Dawa inatoka taratibu pamoja na joto, mnyama analala juu yake na kuivuta, na oili chafu, mbali na sumu yake, haitakubali vanishi yoyote ishike juu yake.

Kona zote kali za nje zililainishwa kwa msasa hadi mviringo wa milimita 2 au 3. Ni jambo dogo lenye sababu kubwa: rangi mbichi hujivuta kutoka kwenye kona kali na kubaki nyembamba hapo, ndiyo maana vanishi huanza kuchubuka konani siku zote. Vichwa vya skrubu vilijazwa kwa unga wa mbao uliotoka kwenye msasa namba 120, uliochanganywa na vanishi ileile ya kumalizia. Unga wa msumeno una chembe kubwa, unaacha vishimo. Ukitumia gundi badala ya vanishi, doa litakaa jeupe hata baada ya mikono mitatu, kwa kuwa gundi haipokei rangi kama mbao inavyoipokea. Nyufa za viungio vya nje zilijazwa vilevile, na hapa uzuri si sababu pekee: utitiri wa nyoka hupenda kujificha kwenye mianya kama hiyo, na ukishaingia, kumwogesha nyoka peke yake hakuumalizi.

Matundu ya hewa yalipakwa kwa ndani ya tundu, kwenye unene wa ubao, kabla ya kugusa uso wowote. Mkono wa kwanza ulizama wote. Wa pili ulizama nusu. Mkono wa nne ndio uliobaki ukimeta.

Kupaka

Safari hii ilichaguliwa vanishi ya poliyurethani ya maji. Harufu yake ni ndogo, inakomaa mapema kuliko ya mafuta, na haigeuki manjano. Udhaifu wake ni kwamba haishiki juu ya mabaki ya vanishi ya mafuta ambayo hayajakomaa, ndiyo sababu uso ulivuliwa hadi mbao.

Hesabu ya kiasi: paa, sakafu kwa chini, mgongo na mbavu mbili ni kama mita za mraba 2.9, ukiongeza fremu ya mbele na miguu, unafika karibu 3.2. Lita moja hutosha mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Mikono mitatu ya nje inakula lita moja, na kingo zinakula zaidi ya unavyodhani. Ndani ilitengewa lita nyingine.

Ndani palianza. Sakafu na sentimita 10 za kwanza za kuta zilipigwa epoksi ya sehemu mbili (resini na kigumishi chake, vinavyochanganywa kabla ya kupaka), kuta na dari zikapigwa poliyurethani mikono minne. Pembe zote zilizibwa baadaye kwa silikoni ya matangi ya samaki, isiyo na dawa ya kuvu. Mgongo ulibadilishwa kabisa: plaiwudi ya milimita 12, iliyopakwa nyuso zote mbili na kingo zote nne kabla ya kufungwa. Kupaka baada ya kufunga ni kuacha kingo nne kavu milele.

Nje ilifuata, mwanzoni mwa Julai, hewa ya kusi ikiwa imepungua unyevu. Kazi ilifanyika kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Kabla ya hapo umande bado upo kwenye mbao hata kama macho hayauoni. Baada ya hapo unyevu unarudi kabla rangi haijashika. Uso ulipanguswa kwa kitambaa chenye maji kidogo ili nyuzi zisimame, ukaachwa ukauke saa 3, nyuzi zikakatwa kwa msasa namba 220. Ukiruka hatua hii, mkono wa kwanza wenyewe ndio utazisimamisha, na utahisi mikwaruzo kama ulimi wa paka.

Kopo lilikorogwa taratibu kwa kijiti. Halitikiswi, maana mapovu yanayoingia hapo yanakuja kukauka juu ya paa. Brashi ilikuwa ya nailoni. Brashi ya manyoya hunywa maji na kulegea katikati ya kazi. Mkono wa kwanza uliongezwa maji asilimia 10, ukavutwa kwa mstari mmoja mrefu kufuata nyuzi na kuachwa. Kurudia pale palipoanza kushika ndiko kunakoleta mistari. Kila uso uligeuzwa ukalala juu kabla ya kupakwa, kwa hiyo hapakuwa na mchirizi hata mmoja. Makopo huandika saa 2 hadi 4 kati ya mikono. Tanga ilihitaji 6, na kipimo ni msasa: namba 320 ikitoa unga mweupe mkavu, endelea. Ikijikunja vipande vidogo kama kifutio cha shule, subiri. Pamba ya chuma haikutumika. Nyuzi zake hubaki kwenye vinyweleo vya mbao, na rangi ya maji inazigeuza kutu ndani ya siku mbili.

Kwa wanaopendelea mafuta ya kitani kwa nje, yanawezekana kwenye mbao nzima isiyo plaiwudi, kwa subira ya wiki kadhaa. Lakini vitambaa vilivyolowa mafuta hayo visikunjwe na kutupwa kwenye ndoo. Vinapokauka hutoa joto, na vikibanana joto hilo huweza kuviwasha moto vyenyewe. Vitandazwe nje kimoja kimoja hadi vikauke kabisa.

Kusubiri

Wiki ya kwanza vioo havikurudishwa, hewa ikapita. Siku ya 8 hita na themostati vilifungwa, kizimba kikafungwa kitupu, nyuzijoto 32 kwa saa 24, bakuli la maji likiwa ndani kama ambavyo litakuwa. Kilipofunguliwa kulikuwa na harufu ndogo ya siki kutoka kwenye silikoni. Jaribio lilirudiwa siku ya 14 na siku ya 21. Ya 21 haikutoa harufu yoyote. Aliyenusa hakuwa aliyepaka, kwa sababu pua ya aliyepaka imeshazoea. Siku hiyo pia kucha ilibonyezwa chini ya paa kwa nyuma, mahali pasipoonekana, na haikuacha alama. Karatasi laini iliyoloweshwa ililazwa juu ya paa usiku mzima. Asubuhi hapakuwa na weupe. Chatu alirudi siku ya 30.

Utunzaji wa nje baada ya hapo ni kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kisha kikavu. Polishi za kupuliza zenye silikoni zisitumike: mvuke wake unaingia kwenye matundu ya hewa, na siku utakapotaka kuongeza mkono wa vanishi, rangi itakimbia na kuacha vishimo vya duara.

Vipimo vilirudiwa baada ya miezi mitatu. Ukingo wa chini ulikuwa milimita 18 pande zote, mgongo umenyooka, matundu ya hewa hayana lengelenge. Kasoro moja ilipatikana: duara la kahawia lenye upana wa sentimita 2 kuzunguka tundu la waya wa themostati. Tundu hilo lilitobolewa siku ya 8, vanishi ikiwa imeshapigwa, na unene wake ukaachwa wazi. Waya ulivutwa, tundu likakaushwa siku mbili kwa feni, likapakwa ndani mara tatu kwa kijiti cha pamba ya masikio, na waya ukarudishwa kupitia pete ya mpira iliyokaza.